Mashine Inasema Niwasiliane na Wewe

Marahaba, Elia baba yangu.

Nimeanza na marahaba kwa sababu shikamoo yako imenifikia asubuhi ya leo, kama inavyonifikia kila Neema anapowasha kompyuta pale dukani kwako. Ile brauza ikifunguka, kabla ya kitu kingine chochote, yanatokea yale maneno uliyoniandikia makubwa kwa ajili ya macho yangu: "Shikamoo mama. Ukiulizwa kitu, niite kwanza." Nami naitikia kwa sauti. Wateja wengine wanacheka, wengine wananitazama kwa huruma. Sijali. Mtoto akiamkia, mama anaitikia.

Huku tu wazima. Wote wamejua kwamba naandika, kwa hiyo kila mmoja amenipa salamu zake nizibebe. Baba yako hajambo, yupo Mbozi na kahawa yake. Goti linamsumbua wakati wa baridi, lakini kila akipita kaburini kwako anainama na kung'oa majani, halafu ananipigia simu kuniambia ameng'oa, kana kwamba nilimtuma. Neema mkeo hajambo. Amekonda kidogo, ila amerudi kwaya, safari hii anasimama nyuma, hataki mstari wa mbele. Upendo mwanao hajambo kabisa. Meno ya mbele yamedondoka, akisema "shule" unasikia filimbi. Anakusalimu, na amesema nikuambie kwamba sasa anajua kufunga kamba za viatu. Siyo kweli, anazikunja tu na kuzichomeka pembeni, lakini nimeandika kama alivyosema. Mjomba wako Simoni wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anakusalimu sana. Habari zake ziko mbele, ndizo nyingi. Hata fundi Osia, yule mwenye ndevu anayetengeneza kompyuta mtaa wa nyuma, amesema nikuandikie kwamba ulimshinda. Utaelewa ukifika huko. Na kuku wako mwekundu bado anataga kwenye boksi la karatasi chini ya mashine ya kopi. Tumeshindwa kumhamisha.

Mimi mama yako sijambo, ila wasiwasi wangu unaujua. Tangu mahindi yalipokuwa magotini, yale ya msimu uliotuacha, mpaka leo yamekwisha kupukuchuliwa, sijalala usingizi wa kunyoosha miguu.

Sasa sababu ya barua. Elia, mimi sikupanga kukuandikia. Darasa la nne langu unalijua, mkono wangu unachoka upesi. Lakini mashine yenyewe imeniambia. Kila tukigusa kitu, inaleta ule ukurasa wa kijivu wenye kufuli: "Imezuiwa na msimamizi wako. Wasiliana na msimamizi wako." Siku za kwanza niliijibu. Niliiambia, msimamizi wake tumemzika. Haikusikia. Ikaendelea kusema vilevile, kwa adabu ileile. Basi nimechukua karatasi hii, upande mmoja imeharibika kwa wino, na ndiyo nawasiliana.

Ninakumbuka vizuri ulivyolifunga dirisha lile la kompyuta. Nilikuwa nimeshuka kutoka Mbozi na maharage, ukaniambia, "Mama, kaa hapa kwenye kiti nikahangaike na umeme." Nikakaa. Mara kikaja kijidirisha, kinaomba ruhusa. Kimeandika "tafadhali." Mimi kwetu, mtu akibisha hodi hatumwachi nje. Nimelelewa hivyo na nimewalea hivyo. Hata aliyekuja na ugomvi unampa kigoda, unampa maji, ndipo maneno yanafuata. Nikabonyeza Ruhusu. Kikaja kingine, nikaruhusu. Vikaja kama wageni wa harusi, nikawakaribisha wote. Ndipo akaingia mzee wa kanisa kutoa kopi za ratiba ya ibada, na kioo kizima kikajaa mwanamke wa nguo chache anayeuza dawa ya kupunguza tumbo. Mzee akageukia ukutani akaanza kusoma kalenda. Alisoma miezi yote.

Uliporudi ukauliza, "Mama, umemruhusu nani humu ndani?"

"Waliomba vizuri, baba," nikakuambia. "Ningewafukuzaje?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini juu ya boksi, kuku akakimbia. Halafu ukaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Hawa wa huku wanabisha hodi lakini hawana uso, mama. Ukimkaribisha mmoja anakuja na ukoo wake." Ukavuta kiti, ukafunga. Ulifunga kila kitu, ukaacha kurasa chache tu ulizozichagua mwenyewe, na ukaweka kwamba anayetaka ukurasa mwingine lazima abonyeze kuomba, halafu namba ya kuruhusu iingie kwenye simu yako. Ukasema, "Sasa hata ukiwa na huruma yako yote, huwezi kumkaribisha mtu bila mimi."

Ulipokuwa hai haikuwa shida. Neema alikuwa anakupigia, "Baba Upendo, kuna mteja anataka tiketi ya basi," nawe unamsomea namba mbilimbili, taratibu, kama mtu anayehesabia mtoto vidole. Siku moja ulimsomea ukiwa kanisani, kwa kunong'ona, watu wa benchi la mbele wakadhani unaomba.

Lakini Elia. Nikulaumu kidogo, maana mama akinyamaza anavimba. Ulibana mno. Nimekaa na lile dirisha miezi hii nikaona ulivyobana. Wanafunzi wanakuja kuangalia matokeo, kufuli. Mtu anataka tiketi ya kwenda Mbeya, kufuli. Madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya mpaka wanataka kutoa karatasi ya mzigo waliyotumiwa na ofisi zao, kufuli. Hata hali ya hewa! Baba yako aliniomba nimwangalizie kama mvua itarudi akiwa ameanika kahawa, nikamwambia Neema, tukaangalia, kufuli. Mvua nayo inahitaji ruhusa yako? Nyimbo za kwaya yetu, zile ulizoimba wewe mwenyewe kwenye mkutano wa Mbozi Mission umevaa suti ya baba yako, nazo umezifungia nje pamoja na wale wanawake wa dawa za tumbo. Nilitaka tu kukusikia. Mashine ikaniambia niwasiliane na wewe.

Kuna dereva mmoja wa Zambia, mnene, mtu wa utani, alisimama pale mlangoni akasema, "Mayo, mukwai, mama yangu, hii mashine yako kali kuliko wale wa mpaka. Wale unaongea nao, wanaelewa." Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini alichukua karatasi zake akaenda duka la ng'ambo ya barabara, na waliocheka wakamfuata.

Neema alijaribu kila njia. Alikwenda kwa wakala kuomba laini yako irudishwe, tupate namba. Wakamwambia mwenye laini aweke kidole. Akasema mwenye laini amefariki. Wakasema basi kuna njia ya marehemu, ila ni ndefu, alete hiki na kile na barua za huku na huku. Alirudi akaenda moja kwa moja jikoni. Nikamuuliza wamesemaje. Akasema, "Wanataka kidole chake, mama." Akaendelea kusonga ugali.

Unajiuliza simu yenyewe ilikuwa wapi. Hapo ndipo aibu yetu ilipo, na ni ya ukoo mzima, siyo yangu peke yangu. Siku ya kumaliza msiba tulikaa kule Mbozi kama inavyotakiwa. Vitu vyako vilikuwa juu ya mkeka. Koti likaenda kwa baba yako mdogo, viatu vikaenda kwa mtoto wake, jembe likabaki nyumbani. Simu ikanyanyuliwa juu, wazee wakasema simu iende kwa mjomba, maana mjomba alikubeba mgongoni ulipokuwa na surua. Tukapiga makofi. Mjomba akapokea kwa mikono miwili, akaifuta machozi kwa kiganja, akavuka nayo mpaka kwenda Nakonde. Kompyuta haikugawiwa, ni ya duka, ni ya mkeo. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba vile vitu viwili vilikuwa kitu kimoja. Tuligawa ufunguo, tukabaki na mlango.

Basi akaja fundi Osia. Akakaa na mashine yako toka asubuhi mpaka jua la kichwani. Aligonga, alizima, aliwasha, alijikuna ndevu. Mwisho akasema, "Huyu marehemu hakuwa na mchezo. Bibi Upendo, hapa dawa ni moja. Nafuta yote, napiga windo mpya, inakuwa kama imetoka dukani leo."

Nikamuuliza, "Na vya Elia?"

Akasema picha na kazi zako atazihamishia kwenye fleshi, zitarudi. Nikamuuliza, na ile shikamoo? Akasema, "Ile siyo faili, mama. Ile ni mpangilio. Mpangilio unakwenda na maji."

Nikakataa. Nilikataa nikiwa nimesimama, na mkono wangu juu ya kompyuta kama mtu anayezuia ng'ombe. Fundi akamtazama Neema. Neema akatazama sakafu. Mkeo ana adabu, hawezi kubishana na mimi mbele ya mtu. Lakini jioni, tukichambua mboga, alipiga magoti kama wanavyofanya kwao Ileje wakiwa na neno zito, akasema, "Mama, usinielewe vibaya. Mimi pia nampenda. Lakini duka lisilofungua kurasa siyo duka, ni chumba cha kopi. Shule zikifungwa nitamchukua Upendo twende Ikinga kwa wazazi wangu. Nitalima. Siwezi kukaa hapa niwategemee wewe na baba mnaojitegemea kwa shida."

Elia, mikono yangu iliacha kuchambua. Ile siku tuliyokuzika nilijiambia kwamba kilichobaki chako duniani kinakaa nyumba moja na mimi, nikinyoosha mkono nakigusa. Sasa kinafungasha. Na anayekifanya kifungashe ni nani? Ni kufuli lako, na mimi niliyelikumbatia lisivunjwe.

Nikawaza sana. Nikawaza, huyu mtoto woga huu wa kufunga kila kitu aliutoa wapi? Halafu nikajua. Unakumbuka barabara kuu kule nyumbani, malori yanavyoshuka? Nilikukataza kuvuka mpaka nikushike mkono. Ulifika darasa la sita bado nakushika. Wenzako wakisimama ng'ambo ya pili wanakuimbia, "Elia, mama yako yuko wapi akuvushe?" Nawe hukunikasirikia. Ulisimama ukaningoja, na madaftari kichwani. Umekuwa mkubwa, ukanishika mkono mimi kwa kufuli lako. Nilipoona hivyo hasira yangu kwenye lile dirisha ikaisha. Shida ikabaki.

Kesho yake nikajifunga kitenge nikavuka kwenda Nakonde. Mjomba wako nilimkuta kwenye magunia yake ya chumvi ya Ivuna, anapimia wanawake. Simu yako ipo shingoni, ameitungia kamba. Tukasalimiana kwa kirefu, tukauliziana wote, kisha nikamwambia shida. Alinisikiliza, akaishika simu kwa mkono wote.

"Dada," akasema, "simu sirudishi. Usinikasirikie. Tuliigawa mbele ya watu, tukapiga makofi, tukamaliza. Nikikurudishia kimyakimya, ndugu watasema tumeufukua msiba."

"Sitaki simu, kaka," nikamwambia. "Nataka laini yake. Ulipoweka ya Zambia, ile yake uliiweka wapi?"

Akaweka kipimo cha chumvi chini. Nilifikiri atasema aliitupa, na nilikuwa tayari kukaa chini palepale. Kumbe anafungua mfuniko wa nyuma wa simu. Ndani, imebandikwa kwa plasta ile ya kidonda, kulikuwa na laini yako.

"Nilitaka kuitupa, mkono ukagoma," akasema. Halafu akafikiri kidogo, unamjua mjomba wako na mashauri yake, akasema, "Hii haikutajwa na mtu siku ile. Tuligawa simu. Laini ilikuja tu yenyewe, kama kunguni kwenye godoro. Chukua." Mwanamke mmoja akacheka sana, akasema mjomba huyu angefaa kuwa hakimu. Nikaifunga kwenye pindo la kitenge, mafundo mawili, nikarudi nikiwa nimeshika pindo. Pale mpakani mtu wa kukagua aliniuliza nimebeba nini. Nikamwambia mwanangu. Akaniangalia, akaniachia nipite.

Dukani walikuwepo Neema, fundi Osia aliyekuja kujua kama nimebadili mawazo, na mama mmoja na binti yake waliokuwa wanangoja matokeo, maana kwingine foleni ilikuwa ndefu. Fundi akaitia laini kwenye kitochi changu, ile simu yangu ndogo ya vitufe. Akasema, "Nisikudanganye, mama. Laini ikilala sana inakufa." Tukakodolea macho zile alama za mtandao. Hakuna. Hakuna. Neema akageuka kuanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa.

Halafu ikalia.

Ikalia tena. Ikalia mpaka kitochi kikawa kinatetemeka mezani kinasogea chenyewe. Fundi akasoma ya kwanza: "Ombi la ruhusa. Duka. Ukurasa wa matokeo." Ya pili: "Ombi la ruhusa. Duka. Tiketi." Nyingine, nyimbo za kwaya. Nyingine, kwaya. Nyingine tena, kwaya. Hizo zote sikuziomba mimi, baba. Mimi niliomba mara moja nikakata tamaa. Nikamtazama Neema.

Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Akasema, "Kumbe yalikuwa yanaenda." Akakaa chini. "Kumbe kila nilipobonyeza, yalikuwa yanaenda kwake."

Tulimwacha alie. Yule mama wa matokeo ndiye aliyemshika mgongo, hata hatumjui jina.

Alipotulia akanawa uso, akakaa kwenye kiti chako, akaomba upya ukurasa wa matokeo. Kitochi kikalia. Nikavaa miwani. Nikamsomea namba mbilimbili, taratibu. Sikujua kwamba nasoma kama wewe mpaka Neema alipogeuka kunitazama. Kufuli likaondoka, ukurasa ukafunguka, na yule binti akapiga kelele amefaulu, kuku akatoka mbio chini ya mashine.

Tukafika mahali ambapo fundi alipataka. Kuna kitufe kimeandikwa "Zima ulinzi wote." Fundi akasema, "Bonyeza hapo mara moja, mambo yaishe. Mlango wazi, biashara inaingia." Neema akaweka mshale palepale juu ya kitufe, akaniangalia. Akasema, "Mama, msimamizi sasa ni wewe. Sema."

Nilimwambia nipe nafasi nipumue. Na wakati napumua, kumbe palepale kwenye ukurasa tuliofungua kilikuwepo kijidirisha kimoja cha wale wasio na uso, kimejibanza, kinaomba kuingia. Kitochi changu kikalia: "Ombi la ruhusa." Fundi akasoma jina lake, refu, halina maana, herufi zimegongana. Wote wakaningoja. Elia, mimi sijawahi kumwambia mtu hapana mlangoni kwangu tangu nizaliwe. Nilikitazama kile kitochi. Nikakiuliza kwa sauti, kama tunavyouliza mtu gizani asiyejitaja, "Nani mwenzangu? Unatoka kwa nani?" Hakikujibu. Nikakiambia, "Basi samahani, mwanangu. Leo hatuna nafasi."

Neema akacheka. Kile kicheko chake cha kutokea tumboni, kile ulichokuwa unakitafuta kwa vituko vyako. Sijakisikia tangu ulipotuacha. Akautoa mshale pale juu ya kitufe bila kuambiwa.

Kwa hiyo hatukuzima, na hatukupiga windo. Tulikaa siku ile na kesho yake tukifungua kimoja kimoja. Matokeo, wazi. Tiketi, wazi. Karatasi za madereva, wazi. Mvua ya baba yako, wazi. Kila kilichojitaja jina na kwao tulikifungulia, na asiyejitaja anapigia hodi kwenye kitochi changu, nami namuuliza. Fundi Osia amesema kazi hiyo ingemchukua muda mfupi kwa njia yake. Nimemwambia najua. Amesema ulimshinda wewe, na sasa namshinda na mimi, ni ukoo wa wabishi.

Kwaya tuliiacha mwisho. Niliogopa. Neema akafunga mlango wa duka kidogo, akamweka Upendo mapajani, nikasoma namba. Ukatokea na suti ya baba yako, mikono imekuzidi. Upendo akasema, "Baba anaimba huku anaangalia juu." Ndiyo, ulikuwa unaangalia juu, ulisahau maneno ya ubeti wa pili, nami nilikuwa mstari wa tatu nakuchezea midomo ili uyasome kwangu. Hakuna aliyejua ila mimi na wewe. Sasa nimewaambia.

Yule dereva mnene amerudi. Alipopata karatasi zake akasema, "Awe mayo, siamini, leo mashine imeokoka?" Nikamwambia haijaokoka, imepata mama.

Na Neema. Shule zilipofungwa sikumuuliza kama anaondoka, maana niliogopa jibu. Lakini juzi nilimkuta anautoa ule mfuko wa safari chini ya kitanda, akatoa sare ya Upendo akaitundika msumarini. Akaona namwona. Akasema tu, "Mama, Jumatatu wanafungua shule." Nikasema sawa. Nikatoka nje nikamshukuru Mungu nyuma ya choo, ndipo palipokuwa hapana mtu.

Elia baba, nisikuchoshe. Mkono umechoka, na mistari imeanza kupanda juu. Lala salama pale kwenye kahawa, karibu na babu yako. Ninakuahidi mambo mawili. Shikamoo yako haitafutwa maadamu mimi naweza kuiitikia. Na Upendo nitamvusha barabara hii ya malori kwa mkono wangu, nitamshika vizuri, lakini sitamshika mpaka darasa la sita. Nitajitahidi. Nitasimama ukingoni, nitamwacha avuke, na mimi nitameza wasiwasi wangu mwenyewe.

Laini yako sasa inakaa kwangu, usiku na mchana. Wapo wasio na habari, wanapiga wanamtaka Elia wa steshenari. Nawaambia mimi ni mama yake, na shida yenu tutaitazama. Kwa hiyo kama una neno, lolote, hata la kunisahihisha nilipofungua pasipofaa, usihangaike kutafuta namba yangu. Piga ileile yako, unaijua kwa kichwa. Usikawie. Ikilia mara moja tu nitaitikia, na sitakuuliza wewe ni nani.

Mimi mama yako,
Mama Elia
Tunduma